C nyekundu, D tupu: kuhamishia Documents, Downloads na wenzake D bila kuivuruga Windows

Swali limetoka kwa dada mmoja mwenye steshenari pale Ngamiani, Tanga. Nalifupisha kidogo:

"Habari za kazi kaka. Nina desktopu ya mtumba dukani, ina SSD ya 128 ndo C, na HDD ya 500 ndo D. Kazi zangu ni CV, barua za kuomba kazi, kuskani vyeti, pasipoti saizi na kadi za harusi. C kila siku nyekundu, D haina kitu. Kila Jumamosi nakata mafaili ya Documents na Downloads napeleka D, katikati ya wiki imejaa tena, na mteja akirudi sijui faili lake nimeliweka wapi. Kuna kijana kasema aingie kwenye rejistri ahamishe Users yote iende D, anataka elfu ishirini. Nimwache afanye?"

Habari nzuri dada, pole na kazi. Naanza na huyo kijana: usimwache. Sio kwamba hajui kompyuta, ila anachotaka kufanya ni kikubwa kuliko shida yako na kina madhara yake, nitakuja huko. Unachokitaka wewe kipo ndani ya Windows yenyewe, hakihitaji rejistri (daftari la ndani ambalo Windows inaandika mipangilio yake) wala programu ya kudownload, na utakifanya mwenyewe hapo hapo dukani, kinachochukua muda ni mafaili kuhama tu.

Kwanza tuelewane kwanini C inajaa. SSD ya GB 128 ukiifungua inasoma kama 119, hujapunjwa, kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024. Sasa kwenye hiyo 119 Windows imekaa na updeti zake, Office imekaa, programu yako ya kutengeneza kadi imekaa, halafu juu yake kila mteja anayekurushia cheti kwa WhatsApp Web ukibonyeza kudownload kinatua Downloads, skana nayo inatupia Pictures au Documents, na vyote hivyo viko ndani ya C:\Users\jina lako. Ile rangi nyekundu maana yake nafasi iliyobaki ni chini ya asilimia 10, na hapo ndo utaona updeti zinagoma na Word inasevu kwa kujivuta.

Unachofanya Jumamosi ni kuhamisha mzigo huku anwani umeiacha ile ile. Ni sawa na kuhamisha duka barabara nyingine bila kumwambia mtu, mzigo mpya utaendelea kushushwa kule kule kwa zamani. Desktop, Documents, Downloads, Music, Pictures na Videos sio folda za kawaida, kila moja ina anwani yake ambayo Windows imeiandika pembeni. Chrome au Word haina habari na C wala D, inaiuliza tu Windows "Downloads ya huyu mtu iko wapi?" ikijibiwa inapeleka. Kwa hiyo dawa ni kubadilisha jibu, na Windows imekuwekea sehemu ya kulibadilisha.

Kabla hujagusa, angalia vitu vichache. Fungua This PC, bonyeza D kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties, pale kwenye File system (namna diski inavyopanga mafaili) hakikisha imeandikwa NTFS. Ikiwa FAT32 simama kwanza, hiyo haipokei faili moja lililozidi GB 4, na video ya harusi ukiletewa kwa fleshi inaweza kuzidi hapo kirahisi, pia haina mambo ya ruhusa kabisa. Na kwa vile ni mashine ya mtumba hakikisha hiyo D ni diski ya ndani kweli, na herufi yake haibadiliki. Nyingine DVD ndo imeshika D na diski ni E. Haina neno, tumia hiyo hiyo E, au kama unaitaka iwe D ibadilishe sasa hivi kupitia Disk Management (sehemu ya Windows ya kupangia diski) kabla hujahamisha kitu, maana ukishahamisha halafu herufi ikabadilika Windows itatafuta Documents kwenye diski isiyokuwepo na utaletewa ujumbe kuwa mahali hapo hapapatikani. Ndo maana pia sikushauri kabisa kuelekeza mafolda haya kwenye fleshi au diski ya nje ya waya, siku kijana wa dukani akiichomoa kuchaji simu yake kompyuta itawaka na Desktop tupu na wewe presha juu.

Halafu OneDrive. Hii watu wanairuka na ndo inayowatesa. Nenda C, Users, jina lako, bonyeza Documents kwa kitufe cha kulia, Properties, kisha tabu ya Location. Soma hiyo anwani. Ikiwa C:\Users\jina lako\Documents uko salama. Ikiwa katikati limeingia neno OneDrive, maana yake OneDrive ilishaichukua folda yako kuipandisha mtandaoni, na ya bure ni GB 5 tu ambayo kwa steshenari haifiki mbali. Ingia kwenye aikoni ya wingu kule chini kulia, Settings, Sync and backup, Manage backup, zima folda moja moja. Ukizima usishangae Documents ikaonekana tupu, mara nyingi mafaili yanakuwa yamebaki kwenye folda ya OneDrive, yachukue huko uyarudishe kwa mkono. Yale yenye alama ya kawingu pembeni hayako kwenye kompyuta yako, yatahitaji bando yashuke kwanza, kwa hiyo usifanye zoezi hili siku umebakiwa na MB 200.

Haya sasa kazi yenyewe. Fungua D, tengeneza folda moja ya mama, iite Dukani au jina lolote, ndani yake tengeneza Documents, Downloads, Pictures, Videos, Desktop, kila moja folda yake. Narudia, KILA MOJA FOLDA YAKE. Funga Word, funga Chrome, funga Outlook kama unaitumia (faili lake la barua linaweza kuwa ndani ya Documents, likiwa wazi halihami). Rudi C:\Users\jina lako, na kama hupaoni bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %userprofile% halafu Enter, itakupeleka hapo moja kwa moja. Anza na Downloads maana ndo nzito na ndo yenye vitu vya kupita. Kitufe cha kulia, Properties, Location, Move. Litafunguka dirisha la kuchagua, nenda D, ingia Dukani, bonyeza Downloads iwe imechaguliwa, kisha Select Folder. Soma anwani iliyoandikwa kwenye kile kisanduku, lazima iwe D:\Dukani\Downloads. Hapo ndo ubonyeze Apply.

Itakuuliza kama uhamishe mafaili yote kutoka mahali pa zamani kwenda papya. Wengi wanabonyeza Yes na ni sawa, ila wewe uko Tanga na desktopu haina betri, umeme ukikatika katikati ya kuhama utakuta nusu iko C nusu iko D. Mafaili hayapotei kirahisi hivyo, kwa sababu kutoka diski moja kwenda nyingine kompyuta inakopi kwanza ndo inafuta, lakini utaanza kutafuta kipi kimefika na kipi hakijafika na wateja wamejaa mlangoni. Kama una UPS (betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika) bonyeza Yes endelea na maisha. Kama huna, mimi ningefanya hivi: kopi mafaili ya Downloads kwa mkono uyabandike D:\Dukani\Downloads, kopi tu sio kukata, yakimaliza linganisha idadi na ukubwa kwa Properties, kisha ndo ubadilishe Location, na lile swali ulijibu No. Ya zamani yatabaki C, fanya kazi siku mbili tatu, ukiona kila kitu kiko sawa yafute. Kama C imebana sana mpaka hupumui, anza kwa kufuta installer za zamani na video zilizokwisha kabidhiwa.

Documents, Pictures na Videos unarudia mwendo ule ule. Music kama huna nyimbo iache. Desktop inategemea, kama kwako ni aikoni tu iache C, SSD ina kasi na kompyuta ikiwaka kila kitu kinatokea papo hapo, lakini steshenari nyingi ninazozijua Desktop ndo stoo, kuna "CV mpya", "CV mpya final", "CV mpya final ya kweli", folda la bibi harusi, yote yamerundikana hapo, kama na yako iko hivyo ihamishe.

Sasa makosa mawili yanayoumiza watu. La kwanza ni kuchagua D yenyewe badala ya folda iliyo ndani yake. Ukifanya hivyo D nzima inageuka kuwa Documents, inabadilika mpaka jina na aikoni, na ukibonyeza Restore Default ili urudi nyuma Windows inajaribu kuhamisha diski zima pamoja na mafolda ya mfumo, inagoma. La pili ni kuelekeza folda mbili sehemu moja, mfano Downloads na Pictures zote D:\Dukani. Windows inakuonya kabisa kwamba ukiendelea hutaweza kuzitenganisha, lakini sisi tukiona kisanduku chochote tunabonyeza Yes tukiamini ndo kitamaliza kazi haraka. Likishatokea moja kati ya makosa hayo mawili, huo ndo utakuwa wakati pekee wa kuingia rejistri, HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\User Shell Folders, utakuta Documents imeandikwa kwa jina la "Personal", unairudisha iwe %USERPROFILE%\Documents, unatoka kwenye akaunti unaingia tena. Ile ya Downloads imeandikwa kwa namba ndefu inayoanza na 374DE290, usiitafute kwa jina hutaiona. Ila ukisoma anwani kabla ya Apply hutahitaji hata kujua kuwa ukurasa huo upo.

Nirudi kwa kijana. Kuhamisha Users yote inamaanisha na AppData inaenda, ile folda iliyofichwa ambayo Chrome, WhatsApp ya kompyuta na karibu kila programu inaweka mambo yake ya ndani. Ukiihamishia HDD umeondoa kasi ya SSD uliyoilipia, kila programu itakuwa inasubiri diski ya kuzunguka. Na kubwa zaidi, Microsoft wenyewe wameandika kwamba ukielekeza wasifu wa watumiaji kwenye diski isiyo ya mfumo, unazuia kupandisha Windows kwenda toleo linalofuata. Windows 10 ilishafikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama mashine yako bado iko hapo na ina uwezo wa kupanda kwenda 11, utakuwa umelipa elfu ishirini kujifungia mlango. Elfu ishirini yako kaa nayo.

Kuna pia ile sehemu ndani ya Settings, System, Storage, Advanced storage settings, inayosema Where new content is saved, utaelekezwa sana huko. Sio mbaya, lakini inabadilisha vitu vipya tu, vya zamani vinabaki C, na inakutengenezea folda yenye jina lako D kwa mpangilio wake. Kwa mtu mwenye C iliyokwisha jaa kama wewe ile ya Location ndo yenyewe.

Ukishamaliza kuna mambo yatakushtua kidogo. Ukifungua Word na kubonyeza faili kwenye orodha ya hivi karibuni itakwambia halipo, kwa sababu orodha imekariri anwani ya zamani, lifungue kutoka Documents mara moja litajirekebisha. Kadi zenye picha zilizounganishwa kutoka Pictures zinaweza kudai picha hazionekani, zielekeze upya. Chrome kama uliwahi kuiwekea mahali pa kushushia kwa mkono itaendelea kushusha huko huko, ingia Settings, Downloads, ubadilishe. Na baada ya wiki hivi rudi C:\Users\jina lako uangalie: ukikuta imezaliwa Documents nyingine pale yenye mafaili mapya ya skani, ujue programu ya skana imeandikiwa anwani ya C moja kwa moja bila kuiuliza Windows. Fungua mipangilio ya skana yenyewe, mpe njia mpya. Hilo linatokea zaidi kwa programu za zamani za printa.

Ukiona C bado nyekundu baada ya yote haya, nenda Settings, System, Storage, Temporary files ufute takataka za updeti, lakini soma kila kisanduku unachotia tiki, kwenye orodha ile ile wameweka na Downloads! Ukiitia tiki inafuta vyeti vya wateja wako vyote, na kuhamia D hakukukingi na hilo. Pia kwa vile desktopu huitumii kwa kulala usingizi mzito (hibernate), fungua Command Prompt kama msimamizi andika powercfg /h off, kwa RAM ya GB 8 unapata kama GB 3 na kitu za bure. Kompyuta itawaka polepole kidogo kuliko zamani, kwenye SSD hata hutaona.

Jambo moja hukuliuliza lakini nalisema kwa sababu ya kazi yako. Mafaili yakiwa C ndani ya wasifu wako, mtu mwenye akaunti nyingine ya kawaida kwenye kompyuta hiyo hayafungui. Yakiwa D inategemea ruhusa za D, na kwa kawaida diski ya pili iko wazi kwa kila mwenye akaunti. Unashika vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, namba za simu za watu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Bonyeza Dukani kwa kitufe cha kulia, Properties, Security, uone nani yumo. Kama kijana wako wa zamu ana akaunti yake, toa kundi la Authenticated Users na Users (itabidi kwanza ubonyeze Advanced, Disable inheritance, uchague kubadilisha ruhusa zilizorithiwa ziwe za hapo), ubaki wewe (kama jina lako halimo, liongeze kabla hujatoa hayo), SYSTEM na Administrators. Kama wote mnatumia akaunti moja basi hili halina maana, litakuwa na maana siku mkitenganisha.

Na tafadhali usijiambie kuwa sasa mafaili yako D basi yako salama. Faida ya D ni siku Windows ikiharibika, fundi anafuta C anapiga Windows mpya, wewe unarudi Location unaielekeza Documents D:\Dukani\Documents ile ile iliyojaa na kila kitu kinaonekana, kikigoma kwa kusema huna ruhusa unabonyeza Continue. Mwambie tu fundi kabla hajaanza kwamba D haiguswi, na umwandikie kwenye karatasi uibandike juu ya mashine, maana mafundi wengine wakiona diski mbili wanafuta zote wapate "usafi". Lakini HDD ya mtumba ni HDD ya mtumba, ikianza kutoa mlio wa kugonga haitakupa notisi. Tafuta diski ya nje hata ya GB 500, kila ukifunga Jumamosi (muda ule ule uliokuwa unakata na kubandika) kopi folda ya Dukani nzima, halafu chomoa uende nayo nyumbani, usiiache dukani imechomekwa.

Una kompyuta ya pili umesema mwishoni mwa ujumbe wako (sehemu niliyoikata hapo juu), laptopu yenye C na D lakini diski ni moja imegawanywa. Hapo zoezi ni lile lile na litasaidia siku ya kupiga Windows upya, ila diski ikifa zinakufa zote mbili, na kama C ndo imejaa wakati D ina nafasi kubwa isiyotumika, angalia kwanza kama hukupewa C ndogo sana tu na aliyeigawa. Nitumie picha ya Disk Management yake nikuangalizie.